Daku Nililolipeleka Hospitali

Haya, mnaotaka kucheka chekeni, maana wifi yangu Zena ameshaisimulia habari hii katika kila shughuli kuanzia hapa Bagamoyo mpaka Mbegani, na kila akiisimulia anaongeza chumvi, mara nilikula kuku mzima, mara daktari alizimia, kwa hiyo nimeona bora niiseme mwenyewe, aibu yangu niianike juani ikauke. Mimi Mwanahawa binti Shomari, mpishi wa shughuli kwa miaka zaidi ya thelathini, mtoto wa mwalimu wa madrasa, mtu niliyeanza kufunga Ramadhani kabla sijajua kusuka nywele zangu mwenyewe, nilikwenda hospitali nimefunga, na kufunga kwenyewe ndiko kulikotaka kuniua.

Mwanzo wake ni chai, au tuseme mimi naisingizia chai, kwa sababu daktari alisema hawezi kuapa kwamba ndiyo, ila vitu vya moto sana vinalichosha koo na mimi moto ndio ulikuwa sifa yangu. Wenzangu wanapuliza, mimi kikombe nimeshamaliza. Mchuzi nilikuwa nauonja ukiwa bado unatokota, nautia kiganjani nalamba, na wasaidizi wangu wakishangaa nawaambia koo langu la bati (koo la bati halipo, nimeshaelezwa). Basi mwaka jana nikaanza kusikia kitu kinanichoma nikimeza, kidogo tu, na kiungulia kisichosikia ndimu wala tangawizi, nikaenda kwa daktari wa hapahapa, naye hakunichelewesha, akaniandikia kwenda Dar, na kule wakaniteremshia mrija wenye kamera wakaona doa kwenye umio, ndiyo ile njia ya chakula kutoka kooni kwenda tumboni. Wakanyofoa kipande wakapime, kisha wakaniita.

Aliyeniita alikuwa daktari binti, Daktari Neema, umri wake kama wa kitinda mimba wangu, kaniamkia shikamoo vizuri, kaniweka kitini, kanishika mkono, na mimi mtu akinishika mkono kabla ya kusema najua kuna jambo. Alipotaja saratani sikusikia tena alichosema kwa muda, nilikuwa nawaza sanduku langu la kanga, nani ataligawa, na kama wanangu watagombana. Niliogopa, sitaki kusema uongo.

"Bibi, nisikilize," akaniambia. "Tumeikuta mapema. Imeshika utando wa juu tu, haijashuka chini. Tutaingia kwa mdomo na mrija uleule, tutachoma maji chini yake iinuke, halafu tutaikata pembeni na kuibandua yote. Kifua hatukipasui."

Hapo akili ikanirudia, kwa sababu hilo nilikuwa nalijua. Sufuria ya wali ikishika ukoko, mjinga anachukua mwiko anakwangua mpaka anaitoboa, lakini mwenye kazi yake anatia maji, anasubiri, ukoko unainuka wenyewe, anaubandua mzima na sufuria inabaki salama. Nikamwambia, akacheka, akasema ndivyo hasa, bibi, ila sufuria hii ni nyembamba sana. Kisha akaacha kucheka akaniambia tusiicheleweshe, kwa sababu ikipata nafasi itashuka, na ikishashuka si kazi ya mrija tena. Akaniambia pia yuko mwalimu wao, profesa kutoka nje, amekuja kuwafundisha kazi hiyo na anaondoka Jumatatu usiku, na mimi wameniweka wa kwanza katika siku ile ya mwisho. Nilipotoka nikamnong'oneza Zena kwamba namshukuru Mungu ni yule mzee atakayenishika na si kale kabinti. Kumbukeni maneno hayo, yatarudi.

Sasa twende Alhamisi kabla ya Jumatatu yenyewe, kwa sababu hapo ndipo nilipofanya kosa dogo lililozaa mengine yote. Tulikwenda kupimwa damu na presha, tuko wagonjwa kama sita kwenye benchi, na tulipomaliza sista akatugawia karatasi, akasimama mlangoni akasema, "Jumatatu mje mmefunga. Maelezo yako kwenye karatasi, someni vizuri, asiyeelewa aniulize." Hakuna aliyemuuliza, kwa sababu aliyekuwa anajibu maswali nilikuwa mimi.

Pembeni yangu alikaa mwanamke mmoja wa Vigwaza, Mama Chausiku, mkulima wa mahindi na ufuta, mpole, ana doa kama langu. Akanigeuzia karatasi yake akaniambia, "Dada, mie sikusoma. Inasema nini hii?"

Miwani yangu ilikuwa mkobani. Mkoba ulikuwa mapajani. Kufungua zipu, kutoa miwani, kuivaa, kazi yote hiyo haimalizi hata salamu, lakini mimi miwani ile nilikuwa naionea haya, Zena alishasema nikiivaa nafanana na bundi, na benchi zima lilikuwa linanitazama. Basi nikaishika karatasi mbali, nikakunja uso kama msomi, nikasema, "Inasema ufunge." Nikamrudishia.

Mama Chausiku akasema yeye njaa inampa kizunguzungu. Wee, hapo ndipo ulimi wangu ulipopata barabara. Nikageuka nikawakabili wote, nikawapa darsa, kwamba kizunguzungu ni cha watu wanaofunga kienyeji bila daku, kwamba daku lina baraka, tumefundishwa tangu wadogo, amkeni saa kumi alfajiri mle chakula kizito, wali, mihogo, msile vitu vya kuchezea, mkisikia adhana mfunge midomo, mtafika hospitali mna nguvu ya kubeba gunia. Nikaongeza kwamba Jumatatu ni siku ya sunna, kwa hiyo mwenye akili atatia nia kabisa apate thawabu na tiba katika safari moja. Baba mmoja mwembamba mwenye rozari mfukoni, amekuja kupimwa vidonda vya tumbo, akauliza kwa adabu kama na yeye anaruhusiwa daku. Nikamwambia daku halimkatai mtu.

Karatasi yangu mimi sikuitupa, msinione mtu wa ovyo. Niliifikisha nyumbani nikafungia iliki.

Jumatatu saa tisa na nusu za alfajiri nikawa jikoni. Nikajipikia wali wa nazi, maharage ya nazi, samaki changu wa kupaka niliyemtayarisha tangu jana yake, na chai ya maziwa, na ile karatasi ikafunguliwa, nikatoa iliki tatu, nikaifunga tena vizuri na kuitia mkobani, kwa kuwa nilipanga jioni niwapikie wenyeji wetu wa Bunju, ambako tungelala usiku ule, chai inayoeleweka. Nikala kwa utulivu. Nikamwambia Zena, aliyekuwa ananitazama akiwa na usingizi machoni (yeye ana sukari, hafungi), kwamba hiki ndicho chakula changu cha mwisho na saratani hii. Kilichobaki tukakitia kwenye hotpoti, chake yeye mchana na changu mimi cha kufuturia. Tukaswali, tukaingia kwenye gari ya mkwe wangu, njia nzima nabeua kwa shibe na kumshukuru Mungu kwa kila mbeuo.

Hospitalini nikapokewa kama bibi harusi. Sista akachukua fomu, akauliza jina, umri, mzio wa dawa, kisha akauliza, "Mara ya mwisho umekula saa ngapi, bibi?"

"Saa kumi," nikasema.

Akaandika. Na mimi simlaumu, wala ninyi msimlaumu, kwa sababu kwa hesabu yake mtu aliyefunga akisema saa kumi ni saa kumi ya jana jioni, binadamu gani mwenye miadi ya mrija anakula saa kumi alfajiri? Na kwa hesabu yangu mtu aliyefunga akisema saa kumi ni saa ya daku, ni nani atakuwa anazungumzia jioni? Kila mmoja alikuwa sawa nyumbani kwake.

Wakanivika gauni la kijani lililo wazi mgongoni kote (aliyelibuni tutakutana mbele ya haki), wakanilaza kwa ubavu wa kushoto, wakanitia sindano mkononi, wakanibandika nyaya kifuani. Profesa yuko pale, mzee mrefu mwenye mvi, ananitabasamia, Daktari Neema yuko upande wa kichwa changu ananiambia, bibi, ukiamka tutakuwa tumeshamaliza. Nikapiga shahada kimoyomoyo. Nilikuwa nimetulia kabisa, na tumbo langu lilikuwa limetulia pia, limejaa.

Aliyeniokoa ni hotpoti. Huko nje muda wa Zena kula ulikuwa umefika, akaifungua kwenye benchi, harufu ya nazi ikatembea korido nzima, na kwa kuwa wifi yangu amelelewa, alipopita sista hakuweza kula mbele yake bila kumkaribisha. Akasema, "Karibu, sista, kiporo hiki cha daku la wifi yangu, ni mpishi huyo." Sista akamshukuru, akapita, akafika mlangoni, akasimama. Zena anasema alimwona shingo yake inageuka polepole. "Daku gani, mama? Mbona si Ramadhani?"

Mimi nilichoona ni mlango kufunguliwa na sista kuingia mbio akisema msimchome. Mkono wa mwenye dawa ya usingizi ukabaki hewani. Daktari Neema akainama mpaka usoni kwangu.

"Bibi, saa kumi uliyotuambia ni ya lini?"

"Ya leo."

"Ya leo bado haijafika."

"Ya alfajiri, mwanangu. Ya daku."

Nikasikia mashine yangu mwenyewe inavyolia pi, pi, pi. Profesa akauliza kwa lugha yake, Daktari Neema akamfafanulia, akauliza tena, Neema akanigeukia, anataka kujua umekula kiasi gani. Nikasema sahani moja. Zena, ambaye sijui aliingiaje pale mlangoni, akasema, "Mbili."

Wakanichomoa nyaya wakanirudisha kwenye benchi, na gauni langu lile, nikitembea nimelishika nyuma kwa mikono miwili, huku sista ananifuata akiuliza kwa sauti, "Kuna mwingine aliyekula daku?" Nilijua. Kabla hata sijaketi nilijua. Mkono wa Mama Chausiku ukapanda, nusu, ukasimama usawa wa sikio. Kisha ukapanda wa yule baba wa rozari, akasema yeye kwa kweli hakujua ni mwiko, alikula mihogo na chai kama alivyoelekezwa na mama mpishi, tena mkewe alimshangaa. Benchi likaangua kicheko, na mimi badala ya kunyamaza, mtu mzima na mvi zangu, nikabisha. Nikasema kwa sauti kwamba walituambia tufunge na tumefunga, funga isiyo na daku ni ya wapi, mngesema tushinde njaa tungeshinda njaa, nyie mnatumia neno letu halafu mnalibadilishia maana.

Daktari Neema hakunibishia. Aliketi pembeni yangu, koti lake jeupe kwenye benchi la vumbi, akasema kwa sauti ya chini, "Bibi, usingizi tunaotaka kukupa si wa nyumbani. Ukilala, koo nalo linalala. Wali ule ungepanda ukaingia mapafuni. Tungekuwa tunahangaika na kidoa cha kidole kimoja, tukakupoteza kwa wali."

Yule binti machozi yalikuwa yanamlengalenga, na hapo ndipo nilipohisi baridi ya kweli, si ya gauni.

Sista akaniomba ile karatasi ya Alhamisi aone kama waliandika vibaya. Nikaitoa mkobani, nikaikunjua, iliki zikamwagika zote sakafuni zikaviringika chini ya viatu vya watu, nyingine ikaenda mpaka mlango wa maabara. Sista akainusa kwanza (nadhani hakukusudia), kisha akasoma: usile chakula chochote kuanzia saa sita usiku wa kuamkia siku ya kipimo. Maandishi meusi, makubwa, hata bundi angeyaona.

Mama Chausiku alikuwa anasikiliza. Nilimtazama viatu vyake, raba za plastiki zilizopigwa mswaki vizuri kwa ajili ya safari ya mjini, na nikasikia aibu ambayo kicheko cha benchi zima hakikuwa kimenipa. Ile ya mwanzo ilikuwa aibu ya kuchekwa. Hii ilikuwa ya kosa.

"Mama Chausiku," nikamwambia, "karatasi yako sikuisoma. Sikuwa nimevaa miwani, na mkobani ilikuwamo. Nilikisia. Nisamehe."

Akakunja ncha ya kanga. "Mie nilijua hukusoma, dada. Msomaji macho yake yanatembea. Yako yalisimama." Kisha akasema, "Lakini nikajiambia, hawezi kunipoteza mtu ambaye naye analala kitanda hichohicho."

Nikainama, gauni nimelishika nyuma kwa mkono mmoja, nikaanza kuokota iliki zangu.

Basi Daktari Neema alikwenda akazungumza na profesa, akarudi na mpango. Wale ambao hawakula wasogezwe mbele, yule baba wa vidonda vya tumbo arudi kesho, kipimo chake kifupi. Sisi wawili wenye madoa, tumbo likishapumzika, mmoja anaweza kuingia saa kumi jioni. Mmoja tu, kwa sababu kazi ile inachukua muda mrefu na profesa ana ndege usiku. Akasema madoa yetu hayapishani sana, na kwa orodha wa kwanza ni mimi.

Nataka niwaambie kwamba nilisema hapohapo aingie mwenzangu. Sikusema hapohapo. Nilikaa. Nilifikiri profesa harudi mpaka baada ya miezi, nilifikiri ile "ikishashuka si kazi ya mrija tena", nilifikiri wajukuu, nikafikiri hata kwamba Mama Chausiku ni mdogo kwangu, ana nguvu za kusubiri. Fikra za namna hiyo zinakuja zimevaa vizuri, zinapiga hodi. Kisha nikaona iliki moja imebaki pembeni ya raba yake, akainama, akaiokota, akaifuta kwa kanga, akaniwekea kiganjani bila neno.

"Aingie yeye," nikasema. "Mimi nilimlisha, mimi nitasubiri."

Zena akanifinya paja mpaka leo alama ninayo. Mama Chausiku akakataa, nikamwambia akikataa nitalala chini pale pale korido na gauni langu lilivyo wazi, aibu iwe ya hospitali nzima, na kitisho hicho kilifanya kazi kuliko heshima. Saa kumi jioni wakamchukua. Tulikaa na mumewe nje, nimeshavaa nguo zangu na miwani usoni, sikuitoa tena, nasoma kila bango lililo ukutani, nawa mikono, funika chakula, usivute sigara, nayasoma kwa sauti kama mtoto wa darasa la pili.

Alipotoka Daktari Neema barakoa iko shingoni na jasho kwenye kipaji. Akamwambia mume wa Mama Chausiku imetoka yote, mkewe mzima, anaamka. Yule bwana aliinamisha kichwa ukutani akabaki hivyo. Mimi nilimuuliza Neema kama profesa bado yumo ndani nimshukuru. Akasema yumo, anavaa koti la safari, ila leo hakugusa mrija, kazi ameifanya yeye Neema na profesa alisimama nyuma yake amefunga mikono. "Alisema mtihani wangu ndio huo. Bibi, Alhamisi uje. Nitakufanyia mimi."

Kale kabinti. Nilimtazama vidole vyake, vyembamba, kucha fupi, vimetulia kabisa baada ya kazi yote ile, nikakumbuka nilivyomnong'oneza Zena, na Zena alikuwa ananitazama na jicho lile la mawifi, anasubiri kuona nitasema nini. Nikamwambia, "Mwanangu, nimepika miaka mingi, mkono unaojua nauona. Nitakuja." Kisha nikamuuliza nisile tangu lini, akaniambia saa sita usiku, nikatoa kalamu nikaandika kwenye ile karatasi ya iliki: saa sita usiku, HAKUNA DAKU.

Jumatano ile nilikula saa kumi jioni nikafunga mdomo, sikungoja hata hiyo saa sita. Alfajiri niliposikia majirani wanaofunga Alhamisi wanagonga masufuria yao, nilijifunika shuka mpaka kichwani nikasoma dua, naogopa hata kumeza mate, mpaka Zena akaniambia mate hayana wali. Nikaenda. Nikalala kwa ubavu wa kushoto. Kitu cha mwisho nilichokiona ni macho ya Neema juu ya barakoa, na nilichokisikia ni yeye akisema bismillah kwa ajili yangu, ingawa yeye ni mtoto wa Kilutheri wa Moshi. Nikafumba macho, nikafumbua, nikauliza mnaanza lini. Walikuwa wamemaliza.

Kifua hakina mshono. Kilichobaki ni kooni panawasha na sauti imekwaruza. Neema akanionyesha kwenye simu picha ya kile walichokitoa, kimetandazwa juu ya kibao na kubanwa kwa vipini vidogo kuzunguka, hakizidi kidole gumba, kina rangi ya nyama iliyochemshwa. Nilikitazama sana. Hicho ndicho kilichonifanya nigawe kanga zangu akilini. Nikasema, "Ukoko wangu huo." Akasema ndiyo, tena umetoka mzima, haukuungua chini.

Majibu ya maabara yalikuja baada ya wiki kadhaa, ikiwa ndio nimetoka kwenye maji baridi na uji uliopoa naingia kwenye wali laini. Neema alinipigia mwenyewe, hakumtuma mtu. Akasema kingo za kile kipande ni safi kote na chini saratani haikuwa imeshuka. Alikuwa anataka kuzungumza kidaktari lakini sauti yake ilikuwa inacheka, na mimi nikakaa chini jikoni, kwenye mbuzi ya kukunia nazi, nikalia kama mtu aliyefiwa, mpaka Zena akaja mbio akidhani ni msiba. Mama Chausiku naye majibu yake yalikuwa safi, alinipigia siku hiyohiyo kutoka Vigwaza, tukawa tunacheka na kulia kwa zamu, na mavuno ya ufuta yalipotoka alinitumia debe zima. Nimelikaanga, nimelitengenezea kashata za ufuta, nusu nikampelekea Neema, nusu nikala mwenyewe, polepole, natafuna.

Watu walikuja kunipa pole wakitaka kuona kovu. Nikawaambia halipo, wakanuna kidogo, mgonjwa asiye na kovu anaonekana amewadanganya wafariji. Kovu langu ni jina. Bagamoyo yote sasa naitwa Bi Daku, hata watoto wa mtaani wananiamkia hivyo, shikamoo Bi Daku, nami naitikia marahaba, nifanyeje. Chai nainywa ikishapoa, wasaidizi wangu wanashangaa. Na nikiona mtu yeyote ameshika karatasi ya hospitali namvamia, naivaa miwani, naisoma yote mpaka mhuri, na nisipoelewa namrudisha kwa sista mwenyewe akaulize, kwa sababu nimejiapia kwamba sitamsomea tena binadamu mwenzangu kitu kwa kukisia, hata bango la choo.

Kila baada ya miezi fulani narudi kuteremshiwa mrija wachungulie kama hakuna kingine kilichoota, na mpaka sasa hakuna, alhamdulillah. Mara hii ya juzi alikuwa sista yuleyule, fomu ileile, kalamu mkononi. Akaniuliza mara ya mwisho nimekula saa ngapi. Nikaona midomo yake inacheza, benchi zima nyuma yangu limetega masikio, na Zena hotpoti kaifungia ndani ya mifuko mitatu.

"Saa kumi, sista," nikasema. "Ya jana jioni. Andika na jioni."